Wanja wa Binti Kathir

Thenmozhi alikuwa na vidole vya kufunga asumini bila kuvitazama. Anakaa kwenye mkeka wake karibu na soko la maua hapa Madurai, kusini mwa India, anapiga soga na wewe, anaitania sari yako, na huku mikono inakwenda yenyewe, ua kwa ua, mpaka uzi unakuwa kamba nyeupe ya kuvaa kichwani. Niliishi naye nyumba moja, sote mabinti wa Mama Angamma. Sisi ni wale tuliozaliwa tukaitwa wavulana, na hatukuitika.

Baba yake alilima asumini ng'ambo ya mto Vaigai. Mzee alipofariki, kijiji kilimtaka Thenmozhi anyolewe, awashe moto wa maiti kama mwana mkubwa wa kiume. Alikataa. Alikaa na wanawake, akalia na wanawake. Ikabidi mdogo wake Kathir, ambaye Thenmozhi alimbeba mgongoni tangu hajaota meno, aushike moto ule. Tangu siku hiyo Kathir hakumsemesha tena. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma, ndugu zangu, kabla ya kisu chochote.

Hospitali ilipompa nafasi ya upasuaji wa kumpa mwili wa kike, aliacha vidonge vyake vya homoni wiki kadhaa kabla, kama madaktari walivyotaka. Akavumilia kung'olewa vinyweleo, akavumilia na maswali ya daktari wa akili. Siku ya mwisho alikunywa dawa ya kusafisha tumbo, akashinda chooni, sisi tumejazana mlangoni.

"Bi harusi, umemaliza?" mwenzetu Malliga akamuuliza.

"Niache, Malliga! Nimebaki ngozi tu!"

Alipotoka, Mama Angamma alimpaka mafuta kichwani taratibu. "Mwanangu, unaogopa?"

"Naogopa kuamka nikakuta hawajafanya."

Aliamka wamefanya. Alituambia baadaye kwamba alijikuta amelala katikati ya shamba la baba yake, alfajiri, maua bado yamefumba, na shamba lote linakwenda polepole kama maji. Chini ya kiuno palikuwa pazito na pageni, bandeji ndani na nje, mpira wa mkojo unaning'inia, lakini yeye alikuwa akisikiliza maua yanavyochanua. Anaapa kwamba yana sauti.

Walipomtoa bandeji na mpira, tukamleta nyumbani. Kwetu aliyetoka kwenye kisu hukaa arobaini kama mzazi. Hatazami kioo, hachani nywele, hanywi maziwa, na mwanamume hamwoni. Tulimlaza nyuma ya pazia, tukamlisha uji wa mchele wenye vitunguu saumu na kahawa bila maziwa. Mara kadhaa kwa siku alilala chali, magoti juu, akaingiza pole pole kile kifimbo laini alichopewa hospitali, ili njia mpya isije ikajifunga. Jasho linamtiririka, macho yako darini. Hapo ndipo alipokuwa akiota hajalala. Kuta zinaondoka. Mto Vaigai, ambao sisi tunaujua kwa mchanga wake, unajaa mpaka kwenye mkeka. Baba yake anapita na kikapu, anamwangalia usoni, na Thenmozhi hajui sasa ana uso gani.

"Nafananaje?" alikuwa akiniuliza.

"Kama mtu anayehitaji kuchana nywele," nami namjibu.

Adhuhuri moja bajaji ikasimama nje. Malliga akaenda mlangoni na mwiko wake mkononi.

"Nani?"

"Kathir. Nimekuja kumwona..." Akakwama. "Kumwona mkubwa wangu."

"Mkubwa wako? Hapa ni jeshini? Halafu mwanamume haingii mpaka arobaini iishe. Geuka."

"Tumetoka mbali, na mtoto. Keshokutwa ni sherehe ya kumlaza kwenye bembea. Anatakiwa kupakwa wanja."

"Apakwe na nani?"

Kwetu wanja wa mtoto hupakwa na shangazi yake, na Kathir hana dada mwingine. Alijua yeye, alijua Malliga, na aliyelala nyuma ya pazia alijua kuliko wote. Alikuwa amenishika mkono, kucha zinaniingia. Viatu vikaburuzika kurudi kwenye bajaji.

"Mwite," nikamnong'oneza.

"Nimwite niwe nani? Aseme yeye."

Injini ikakohoa. Kisha nikasikia njuga za miguuni, na sauti ya kike ikifoka: "Wewe kaa na aibu yako humo. Mimi nina mtoto wa kupakwa wanja." Alikuwa Vasuki, mke wa Kathir. Akapita chini ya mkono wa Malliga kama mlango ni wake. "Wifi yangu yuko wapi?"

Mama Angamma akamzuia kwa kidole. "Mtoto ni wa kiume au wa kike?"

"Wa kike, Mama."

"Basi apite. Angekuwa wa kiume angengoja nje na baba yake."

Thenmozhi akabana mto tumboni. "Msinichekeshe! Nyuzi zitafumuka!"

"Wifi, mpokee," Vasuki akasema, "mikono imekufa ganzi."

Wifi. Hakusema shemeji. Alilitamka kama analisema kila siku, na Thenmozhi akampokea mtoto. Mtoto alikuwa na pua pana ya marehemu mzee. Wakatazamana sana, wote wawili nywele timtim. Mama Angamma akaleta kopo la wanja. Thenmozhi akachovya kidole, akakisogeza kwenye jicho la mtoto.

"Dada, siyo machoni!" Kathir akapiga kelele. Kumbe alikuwa amesharudi, amesimama kizingitini, anachungulia pembeni mwa pazia. "Nesi amekataza! Mpake shavuni!"

Malliga akashusha mwiko.

Kidole cha Thenmozhi kilibaki hewani. "Umesemaje?" akauliza. "Feni inapiga kelele, sikusikia."

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Feni ilikuwa imesimama juu yetu.

Pale kizingitini, Kathir akapaza sauti.

"Nimesema shavuni, Dada."

Thenmozhi akampaka mtoto shavuni, doa moja jeusi, kubwa kuliko lilivyohitajika.