Nilimtambua kwa Mkeka

Kwetu Lamu mtu hatulii mpaka amjue aliye mbele yake ni wa nani. Huulizi kazi yake. Unauliza mtaa, kisha nyumba, kisha mama, na ukishampata unafurahi kama uliyeokota kitu chako kilichopotea. Nimeishi nje ya kisiwa zaidi ya miaka ishirini, nimehama mji baada ya mji bila sababu ninayoweza kuieleza, na tabia hiyo sikuiacha popote. Nimeitumia vituoni, hospitalini, hata matangani kwa watu nisiowajua. Nikaingia nayo darasani.

Darasa lenyewe lilikuwa ndani ya simu. Nilikuwa mpishi katika shule ya watoto wadogo huko Nakuru, na mwenye shule alitaka kila anayekaa karibu na watoto asome kozi ya malezi mtandaoni, hata sisi wa jikoni. Kila wiki tulisoma somo, kisha tukaingia kwenye jukwaa la majadiliano kuandika yaliyotupata. Tuliambiwa tusitumie majina yetu. Kila mtu achague jina la kubuni, aseme kwa uhuru, na asimfichue mwenzake hata akimjua. Sharti hilo nililisoma. Nikabonyeza kwamba nimekubali.

Wiki ya nne, mwanafunzi aliyejiita kwa jina la ndege aliandika habari ndefu. Alikuwa akifundisha watoto Kurani nyumbani kwao. Chuo alikirithi kwa mama yake, na kiboko alikirithi pia. Alikuwa amemchapa mtoto wa kike mbele ya wenzake kwa kosa ambalo baadaye alijua halikuwa lake. Tangu siku ile mtoto huja, hukaa, na hafungui kinywa.

"Wazazi hawajui sababu," aliandika, "nami sijui nianzie wapi. Hukaa pale pale, juu ya ule mkeka wa Kipungani ulioungua ncha, akanitazama."

Wenzetu walimjibu kwa upole. Mimi nilibaki kwenye mkeka. Kipungani ni kijiji cha kisiwani kwetu, na mikeka yake naijua.

Ncha ile niliiunguza mimi. Nilikuwa na miaka minane au tisa, siku ya khitma ya wanafunzi wakubwa waliomaliza Kurani, nikakipiga teke chetezo cha udi na makaa yakamwagika. Mwalimu wetu wa chuo aliuzima moto kwa maji ya birika, akanichapa, kisha akanipa haluwa ninyamaze. Binti yake mdogo alisimama mlangoni akinicheka. Sasa nilikuwa jikoni Nakuru, wali wa watoto unashika chini ya sufuria, nami nanusa udi. Nikaandika hapo hapo, mbele ya darasa zima:

"Kumbe ni wewe. Mkeka huo niliuchoma mimi. Wewe si binti wa mwalimu wetu, ile nyumba ya karibu na kisima, nyuma ya msikiti? Mama, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono mzito. Naona umeuchukua."

Hata mzaha niliutia.

Mwanafunzi mmoja aliyesema ni wa Faza, kisiwa jirani na chetu, akajibu: "Nyumba hiyo naijua, mpwa wangu asoma hapo." Mwalimu wa kozi aliufuta ujumbe wangu baada ya saa chache, akaniandikia kando kuniuliza nimefanya nini. Lakini kuna aliyekwisha kuupiga picha, pamoja na ile habari ya mtoto juu yake. Kufikia Ijumaa ulikuwa kwenye kundi la simu la mtaa wetu. Dada yangu alinitumia picha hiyo kutoka Lamu, akaniuliza kama nimeiona. Hakujua maneno ya chini ni yangu, kwa sababu mimi nilikuwa na jina langu la kubuni, na hilo hakuna aliyeligusa.

Nilimjibu, "Watu hawana haya."

Yule wa jina la ndege hakuandika tena. Dada akawa ananieleza jinsi watoto wanavyotolewa chuoni, nyumba moja leo, nyumba nyingine kesho, mpaka wakabaki sita. Mimi niliendelea na kozi.

Shule zilipofungwa nilisafiri. Nilivuka kwa mashua kutoka Mokowe, nikaingia mjini kwa vichochoro vya nyuma, kofia nimeivuta usoni, nisije nikaulizwa mimi ni wa nani. Nikabisha mlango.

"Nani?" Sauti yake, kutoka ndani.

"Ni mimi."

"Akina mimi ni wengi. Wa nani?"

Nikamtaja mama yangu, kwa sauti ya chini.

"Mchoma mkeka," alisema. Hakufungua. "Na umekuya kwa ndia ya nyuma."

"Nimekuja kukutaka radhi, Bi. Yale maneno kwenye kozi, niliyaandika mimi."

"Najua. Mkeka ule ulichomwa na mtu mmoja tu."

Niliegemea ukuta. "Na hukumwambia mtu?"

"Tuliambiwa tusifichuane."

Kisha akauliza, "Lile somo la wiki ya tano, la kumtaka radhi mtoto. Mimi nilijitoa kabla yake. Lilisema nini?"

"Nililipita tu, Bi. Nilikuwa nabonyeza nifike mwisho nipate cheti."

"Umekipata?"

"Nimekipata."

"Hongera, mwalimu."

Nilitaka kuondoka. Miguu yangu imezoea kuondoka. Ila nikasema somo bado linafunguka kwenye simu yangu.

"Basi kaa hapo dakani usome," alisema. "Taratibu. Mamake yule mtoto amekubali niende kesho baada ya alasiri."

Nikakaa kwenye kibaraza cha mlangoni, mdomo karibu na ufa wa mbao, nikasoma. Nyayo za wapita njia zilipokaribia, yeye kule ndani alikuwa akigonga mlango mara moja kwa ukucha, nami nanyamaza mpaka zipite. Somo lilikuwa fupi. Keti chini usawa wa macho yake. Taja kosa lako, usitaje la mtu mwingine. Usimtake akujibu.

"Rudia hapo pa mwisho," alisema.

Nikarudia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.