Rimoti Bubu na Kaseti ya Harusi

Niliporudi kutoka Zambia miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kumiminika nchini, Makambako ilikuwa na mafundi redio wengi na mwenye stashahada ya elektroniki mmoja. Mmoja huyo nilikuwa mimi. Sikusomeshwa na mjomba wala na kanisa. Kule Ndola nilipakua magunia ya mahindi mchana, jioni nikaingia darasani na vumbi la unga kwenye nyusi, na cheti nilichokitundika ukutani kwangu nilikipata kwa mgongo wangu mwenyewe. Walionicheka nilipoondoka Njombe na begi la kuazima ndio hao hao waliokuja baadaye kuniletea televisheni zao. Sina haya kulisema, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi moja ya Julai, ukungu umeshuka mpaka juu ya mabati, alinijia mwenye malori mmoja, koti zito juu ya kanzu. Alikuwa Mwislamu wa Kondoa aliyeoa binti wa Kilutheri kutoka Tandala. Mji mzima ulijua kwamba baba wa binti, mzee wa usharika, hakukanyaga harusini.

"Fundi, mkwe wangu yupo nyumbani," alisema. "Amekuja jana, mchana huu anapanda basi la Njombe arudi kwake. Sasa tukiwa kwenye chai kaomba aione kaseti ya harusi. Kaomba mwenyewe, mimi sikuthubutu hata kuitaja. Na deki ya video haisikii rimoti."

"Si mbonyeze kwenye deki yenyewe?"

"Vitufe vilizama ndani siku tunaishusha kwenye lori. Bila rimoti ni kabati tu."

Tulimkuta mzee sebuleni, kofia magotini, karibu na jiko la mkaa. Kila nyumba ya huku ilikuwa na jiko sebuleni majira ya baridi. Nilimwamkia, "Kamwene," akaitikia, kisha akamgeukia binti yake.

"Kama haiwezekani, mama, acheni. Si lazima."

Binti alinitazama. Nilimwelewa. Mzee akiondoka bila kuiona kaseti ile, hataiomba tena, na hakuna mtu atakayethubutu kumkumbusha.

Fundi wa kubahatisha angeanza kufungua deki. Mimi nilianza na betri, nikazipima kwa mita yangu. Zilikuwa nzima, zimenunuliwa asubuhi ile. Kisha nikaomba redio ndogo.

"Redio?" mwenye malori aliuliza. "Nimekuleta utengeneze rimoti, wewe unataka muziki?"

"Mwache," mkewe akasema. "Huenda Zambia hawafanyi kazi bila ngoma."

Niliwaacha wacheke. Niliiweka redio kwenye masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni, nikaisogezea rimoti mpaka zikakaribia kugusana. Nilipobonyeza kitufe cha namba, redio ikakwaruza. Nilipobonyeza cha kuchezesha kaseti, kimya. Cha kurudisha nyuma, kimya pia. Kicheko kikaisha. Niliwaeleza kwamba rimoti ilikuwa hai, ila vitufe vyake vingine havikuwa vikifikisha amri ndani.

Nilifungua kifuniko. Waya wa betri ulikuwa na ukoga mweupe, mpira wa vitufe umejikunja upande mmoja, na weusi wa chini yake, ule unaopitisha umeme, umebanduka.

"Hii ilikaa kwenye moto," nilisema.

Binti aliangalia jiko, kisha akaniangalia mimi. "Betri za mwanzo zilikuwa zimechoka, kaka. Nikazipasha."

Hilo halikunishangaza. Kwingine watu huanika betri juani zipate nguvu kidogo. Huku kwetu Julai jua ni la kusikia kwa majirani, kwa hiyo watu huziweka ukingoni mwa jiko.

"Ulizitoa kwanza?"

"Kifuniko kilikuwa kigumu. Niliiweka yote."

"Wewe," mumewe akasema, "siku moja utaniweka mimi ukingoni mwa jiko."

"Ukichoka nitakuweka."

Mzee alishusha macho kwenye kofia yake, lakini niliona masharubu yakitikisika.

Nilisafisha ukoga kwa spiriti. Kwa ule mpira nilihitaji karatasi ya kung'aa, ile ya ndani ya pakiti ya sigara, nikate vipande vidogo nivigandishe chini ya vitufe vilivyokufa. Mwenye malori havuti. Alikuwa anataka kutoka akamtafute dereva wake mmoja, mzee alipotia mkono ndani ya koti akatoa pakiti.

"Baba," binti alisema polepole, "si uliacha?"

"Niliacha. Hizi ni za kukaribishia wageni."

"Mgeni hapa ni wewe, baba."

"Basi nimejikaribisha," mzee akasema, akanikabidhi karatasi.

Vipande vilikuwa vidogo kama kucha ya mtoto, nikavigandisha kimoja kimoja bila kukosea. Niliacha gundi ishike, nikafunga, nikaijaribu kwenye redio. Kila kitufe kilikwaruza. Nikaielekeza kwenye deki, na kaseti ikaanza kuzunguka.

Mzee alitazama. Yalipita mapishi, yakapita magari. Kisha mlango wa ukumbi ulifunguka, binti yake akaingia ameshikwa mkono na mwanamume mfupi mwenye suti ya kahawia.

"Simamisha hapo, fundi."

Nikasimamisha. Picha ikatulia, ikitetemeka kidogo pembeni.

"Huyu nani?"

"Jirani yetu, baba," binti alijibu. "Fundi cherehani. Alisema bibi harusi hawezi kuingia peke yake."

Mzee alinyoosha mkono kuomba rimoti. Nilimwonyesha kitufe cha kurudisha nyuma. Akaichukua rimoti, akarudisha, akawatazama wakiingia tena, akasimamisha mwenyewe.

"Bado anakaa hapa?"

"Nyuma ya nyumba hii tu."

Alivaa kofia yake. "Nipelekeni nikamshukuru. Basi la Njombe na liende."

Mwenye malori alikuwa ameshavaa viatu. Waliondoka wote watatu, mzee katikati, nami nikabaki na picha ile ya mlangoni. Nilikusanya vifaa vyangu, nikaichukua rimoti aliyoiacha mzee, nikarudi nyuma mpaka kwenye kizingiti, mbali kuliko mtu yeyote anavyokaa kutazama televisheni, nikabonyeza cha kuchezesha. Deki ikasikia mara moja.