Mbwa wa Shamba la Bi Mwanaidi

Nuhu alijua kumpima mbwa kwa jicho. Mbwa akipita tu upande wa pili wa barabara, Nuhu angekutajia urefu wa sanduku lake, kimo chake, na mbao ngapi zingeingia. Hakuna mama wa Mikindani anayemwombea mwanawe ujuzi wa namna hiyo, na mama yake Nuhu alikufa bila kujua kuwa mwanawe anao. Aliupata kwa njaa.

Zamani alikuwa fundi wa masanduku kiwandani, enzi korosho zikibanguliwa hapahapa Mtwara. Kiwanda kilipofungwa alikaa miaka minne kijiweni Chuno akicheza bao, akisikiliza wenzake wakimlaumu kila mtu isipokuwa wao wenyewe. Kisha akaoa. Mkewe, Mastura, akawa ndiye anayelisha nyumba kwa vitumbua, na Nuhu akawa anavila huku anaona haya. Mwaka 1999 akasikia kuna Mzungu huko Mtawanya anatafuta fundi wa masanduku. Hakuuliza masanduku ya nini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama mpaka akakutana uso kwa uso na mbwa kumi na tisa.

Mzungu huyo aliitwa Bi Elizabeti, mwanamke mrefu, mwepesi wa kulia na mzito wa kusikiliza. Kiswahili alikijua vizuri. Uani kwake alijenga vizimba vya nyavu, akawa anakusanya mbwa waliotupwa, waliogongwa, waliopigwa mawe, na watu wakapaita Nyumba ya Mbwa. Nuhu alidhani mwanamke huyu ana hazina mahali, kumbe hana. Huko kwao kulikuwa na akina mama waliouza keki na nguo kuukuu kwa ajili ya mbwa wa Mtwara. Kulikuwa pia na watu ambao kila mmoja alichagua mbwa wake katika picha na kumtumia posho ya kila mwezi, naye kila baada ya miezi mitatu akaandikiwa barua ya kumweleza mbwa wake anaendeleaje. Nuhu alishangaa sana kusikia hivyo. Yeye hata mjomba wake wa Lindi hakuwahi kumwandikia kumuuliza anaendeleaje.

Mbwa aliyepata watu wa kumchukua moja kwa moja alisafirishwa. Barabara ya Dar masika ilikuwa haipitiki, kwa hiyo walikwenda kwa ndege. Kwanza chanjo ya kichaa cha mbwa, halafu kungoja siku thelathini, halafu muhuri wa daktari wa mifugo, halafu sanduku la Nuhu, ambalo sharti lake lilikuwa mbwa aweze kusimama na kugeuka ndani yake. Dar es Salaam alitafutwa msafiri anayerudi Ulaya akubali mbwa aandikwe kama mzigo wake. Kizimba kikibaki wazi, lazima kipate mbwa mwingine wa kupigwa picha, maana bila picha hakuna posho, na bila posho hakuna pumba wala vichwa vya samaki. Kwa hiyo ile nyumba ya kuokoa mbwa ilikuwa na njaa ya mbwa. Nuhu aliliona hilo mapema, akalinyamazia.

Alikuwa na mengi ya kunyamazia. Nje ya mlango wake aliweka ndoo ya maji na rundo la mchanga safi, na kila jioni aliosha mikono mara saba, moja kwa mchanga, kama alivyofundishwa chuoni alikosomea Kurani, ndipo akamshika mtoto wake Asha. Wenzake wa kijiweni walimsalimia kwa mbali wakicheka, Baba Mbwa huyo, jihadharini asiwalambe. Kila mwisho wa mwezi aliapa kuwa ataacha, na kila mwisho wa mwezi mshahara ukamziba mdomo. Hapakuwa na kazi nyingine, na hilo ndilo lililomkaba kuliko dhihaka zote.

Sasa nikueleze habari ya mama mkwe wake, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Bi Mwanaidi alikuwa mjane wa Mahurunga, karibu na Ruvuma, mwenye shamba la mihogo na mikorosho michache. Kwa watu wa huko, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawali pamoja, hawatazamani, na neno likiwapo hupitia kwa mtu wa kati. Nuhu alikuwa na miaka minne ya ndoa, na hakuwahi kumfikia mama huyo chini ya hatua kumi. Akienda kusalimia alikaa kwa shemeji yake Jafari, na chakula chake kikaletwa kikawekwa mbali. Hakuna aliyeona hayo kuwa chuki. Ndiyo heshima yenyewe.

Mwaka 2001 gari la Bi Elizabeti lilikwenda Mahurunga kuchanja mbwa, Nuhu akiwa ndiye mshika daftari. Agizo lilikuwa kwamba mbwa asiye na mwenyewe achukuliwe. Masanduku sita yalikuwa tayari, watu sita huko ng'ambo walikuwa wanangoja, na mbwa walikuwa watano. Nyumbani kwa Bi Mwanaidi, kando ya kisiki cha mkorosho, palikuwa na mbwa mwekundu mwenye sikio lililochanika. Nuhu hakuweza kumwendea mama mkwe, na Jafari siku hiyo alikuwa amekwenda mtoni. Akamtuma dereva aulize.

Bi Mwanaidi alikuwa ametoka kuswali, tasbihi mkononi. Akaulizwa na mwanamume asiyemjua, mbele ya Mzungu na majirani, kama mbwa yule ni wake. Akajibu kwamba yeye na mbwa wapi na wapi, huyo ni wa shamba. Dereva akarudi na jibu hilo.

Mtu wa pwani yoyote angelielewa. Mbwa haingii ndani, hashikwi, hapewi jina, ila analinda mihogo dhidi ya nguruwe na makombo yake yapo palepale kila siku. Huyo ni wa shamba, na shamba lina mwenyewe. Nuhu alielewa kuliko wote. Lakini alilitazama lile sanduku la sita, akafungua daftari, akaandika: hana mwenyewe. Bi Mwanaidi alipoona mbwa anapandishwa garini alidhani anakwenda kuchomwa sindano na atarudishwa jioni.

Kabla wiki haijaisha nguruwe walitoka kwenye matete ya mtoni wakalima matuta mawili. Wiki iliyofuata wakala mihogo iliyokuwa inangojwa kukaushwa iwe makopa, chakula cha kiangazi kizima. Jafari akatuma salamu, akatuma tena. Nuhu akajibu kuwa analishughulikia, na hakuwa anashughulikia chochote isipokuwa kupiga randa mbao za sanduku. Usiku hakulala vizuri. Mastura akamwambia kwa sauti ya chini, Asha yuko mgongoni:

"Baba Asha, mama yangu hawezi kukudai uso kwa uso, na wewe umejificha kwenye heshima hiyo. Mbwa asiporudi, mimi nitakwenda kumlindia shamba."

Siku mbili kabla ya safari ya mbwa Bi Mwanaidi alikuja mwenyewe Mtawanya na Jafari, amejitanda kanga, kikapu mkononi. Nuhu alisogea mpaka kwenye ukuta wa mbali, akainamisha macho. Jafari alieleza yote kwa adabu. Bi Elizabeti alisikiliza, machozi yakimlengalenga, akasema ni jambo rahisi, mbwa mwenyewe ataamua. Kama ni wake, afunguliwe, naye amwite, amshike.

Bi Mwanaidi akasema hamshiki, ana udhu. Akatoa kikapuni sufuria na mwiko, akagonga mara tatu.

Mbwa alitoka kizimbani mbio kama aliyefyatuliwa. Alipita vichwa vya samaki, akampita Bi Elizabeti aliyemnyooshea mikono, akaenda moja kwa moja kwa yule mama. Zilipobaki hatua kumi akasimama ghafla, akalala kifudifudi, kidevu juu ya miguu, macho yamemganda Bi Mwanaidi. Mkia ulifagia mchanga. Jafari akatabasamu, maana kwake shauri lilikuwa limekwisha.

Bi Elizabeti alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Alisema mnaona, anamwogopa. Akamgeukia mama akamuuliza kama amewahi kumpiga kwa jiwe.

"Nilimtupia mabonge ya udongo alipokuwa mdogo," Bi Mwanaidi akasema, "ili ajue mpaka. Alikwisha kuujua."

Mtu mkweli ana hasara zake. Nuhu alimwona Bi Elizabeti akifunga uso kama mtu anavyofunga dirisha, na kwa mara ya kwanza akafungua kinywa mbele ya mama mkwe wake.

"Bi Elizabeti, nitazame mimi niliposimama. Nimemwoa binti wa mama huyu miaka minne, na sijamkaribia zaidi ya hapa. Na mimi ananipiga?"

Bi Elizabeti alimtazama Nuhu ukutani, akamtazama mbwa mchangani, akapima umbali wa huyu na wa yule. Ilionekana kabisa kuwa kitu kinamwingia akilini. Kisha akaingia ndani akatoka na daftari, akalifungua mbele yake. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Huu mwandiko wa nani, Nuhu?"

Akajibu kuwa ni wake.

"Basi niambie. Siku hiyo uliandika uongo?"

Hapo ndipo mlango ulipofungwa, na komeo alikuwa amelichonga mwenyewe. Akisema ndiyo, mbwa anarudi Mahurunga, na kazi imekwenda. Na si kazi tu. Katika daftari lile kulikuwa na mbwa wengine wengi wasio na wenyewe, wa Mikindani, wa Msimbati, kwa mwandiko huohuo, na wachache wao alijua moyoni walikuwa wa shamba vilevile. Walikuwa wamelala kwenye mazulia ya watu huko, wameandikiwa barua. Uzi mmoja ukivutwa, nguo yote inafumuka. Alimfikiria Asha, akafikiria vile vitumbua.

"Niliandika nilichojibiwa," akasema.

Ilikuwa nusu ya kweli. Nusu hiyo ilimrudisha mbwa kizimbani.

Bi Mwanaidi hakulia wala hakulaani. Alirudisha sufuria kikapuni, mwiko juu yake, akaondoka. Mbwa alipiga kelele mpaka wakapotea njiani. Jioni Nuhu alirudi Chuno akaosha mikono mara saba, na alipoingia ndani Mastura alikuwa ameondoka na Asha. Siku ya safari alikipigilia kifuniko cha sanduku la sita kwa misumari minane. Mbwa aliweza kusimama na kugeuka, kama sheria inavyotaka.

Mwezi ulipokwisha Nuhu alipokea mshahara wake, akaacha kazi kweli. Kabla hajaondoka Bi Elizabeti alimpa picha iliyotoka ng'ambo, akidhani itamfurahisha. Mbwa mwekundu yuko juu ya kochi, ana mkanda shingoni na jina, Bruno, na mtoto wa Kizungu amemkumbatia. Nuhu aliipeleka Mahurunga, akampa Jafari, Jafari akampelekea mama. Aliishika kwa ncha za vidole akaitazama sana.

"Analinda nini huko?" akauliza.

Jafari alileta swali hilo hadi aliposimama Nuhu.

Siku ileile Nuhu alikata miti akajenga dungu la kulindia pembeni mwa mihogo, karibu na kisiki. Hakuna aliyemwambia ajenge, hakuna aliyemkataza. Kukicha alishuka akiwa na macho mekundu na sauti iliyokauka kwa kuwafukuza nguruwe, na debe alilokuwa akipiga lilikuwa limebonyea pande zote. Mastura alikuwa ndani ya nyumba ya mama yake, akimsikia mtoto akiuliza baba yuko wapi, na hakutoka. Nuhu hakujua ni mpaka lini. Mjini kazi hakuna, na hapa neno la kuomba radhi hana njia ya kulifikisha, maana mtu wa kati angelifikisha neno, asingeifikisha haya yake.

Kila asubuhi mwiko uligonga sufuria mara tatu. Nuhu akija alikuta sahani ya ugali juu ya kisiki, imefunikwa, na Bi Mwanaidi ameshageuka mgongo.

Msimu wa mavuno akaja mnunuzi wa makopa kutoka mjini. Alisifu mihogo, akashangaa kuwa nguruwe wameiacha. Kisha akamwona mwanamume amechuchumaa kwenye kisiki anakula, akauliza yule ni nani wake.

Bi Mwanaidi alikuwa anafunga gunia. Hakuinua kichwa.

"Wa shamba," akasema.

Nuhu alisikia, akamaliza ugali wake.