Redio Zilizonyamaza Morotonga

Redio mpya zilipoletwa kituoni kwetu tulipiga makofi. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani nilizichukia tangu siku ya kwanza. Nilikuwa askari wa zimamoto mwaka wa saba, mzaliwa wa Nkende kule Tarime, niliyepangiwa kazi wilaya ya Serengeti, na miaka yote hiyo tulikuwa tukihangaika na redio za zamani zinazokoroma kama mtu mwenye mafua. Hizi mpya zilikuwa nyepesi. Zilikuwa na kioo kinachoonyesha ni nani anayekuita. Fundi wa kampuni iliyoziuza, mtu mpole mwenye shati lililonyooshwa vizuri, alituambia kwamba askari akiwa barabara ya Ikoma ataongea na ofisi ya mkoa kana kwamba wamekaa benchi moja.

"Na yale makelele?" nikamuuliza.

"Hakuna makelele, dada. Hii ni dijitali. Ama unamsikia mtu vizuri, ama humsikii kabisa."

Tulicheka wote. Sikuelewa kwamba alikuwa ametueleza ubaya wote wa redio zile kwa sentensi moja.

Amri ikaja kwamba redio za zamani zikusanywe zirudishwe mkoani. Tukazitia kwenye boksi stoo, zikakaa hapo zikisubiri gari.

Wiki chache baadaye, saa tisa alasiri, tuliitwa Morotonga. Ghala la mfanyabiashara mmoja lilikuwa linawaka: magodoro, ndoo za plastiki, madumu ya mafuta ya alizeti. Lilikuwa jengo la kuta nene za zege na paa la bati, mlango mmoja mpana mbele na vidirisha vidogo juu kabisa. Tulipofika, moshi mweusi ulikuwa unatoka mlangoni chini chini, na mama mmoja alikuwa analia kwamba mlinzi amelala ndani.

Tulikuwa watano. Kiongozi wa zamu, mtu wa Singida, akawaingiza askari wawili wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni. Mmoja wao nilisoma naye chuo. Naye ni Mkurya kama mimi, na tulizoea kugombana kuhusu kila kitu kuanzia mpira hadi namna ya kupika ugali. Dereva alibaki kwenye pampu. Mimi nikapangiwa mlangoni, kuwasogezea mpira wa maji na kuongea na waliomo ndani. Redio ilikuwa mkononi mwangu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote.

Dakika za mwanzo zilikuwa sawa. "Tumepita magodoro," alisema mwenzangu wa chuo, na sauti yake ilikuwa safi kuliko nilivyowahi kumsikia. Kisha wakasogea nyuma zaidi, na sikusikia tena kitu. Sikushtuka. Redio ya zamani mtu akienda mbali ingeanza kukwaruza, ukajua anapotea. Hii haikukwaruza. Ilinyamaza tu, na ukimya wake ulifanana kabisa na ule wa mtu ambaye hana la kusema.

Kiongozi wa zamu alikuwa amezunguka nyuma ya jengo. Alirudi mbio.

"Kenchi za paa zinashuka! Watoe!"

Nikabonyeza. Redio ikajibu tii-tii-tii, sauti ambayo tulifundishwa kwamba maana yake haijaushika mnara wa mawasiliano. Nikabonyeza tena. Tii-tii-tii. Nikakimbia hatua kumi kutoka ukutani, nikabonyeza, safari hii ikakubali, nikapiga kelele, "Tokeni! Tokeni sasa hivi!"

Akanijibu dada mmoja wa ofisi ya mkoa, yuko Musoma, sauti tulivu kama ya mtangazaji: "Unayeita, tunakusikia vizuri sana. Toa taarifa."

Mtu wa Musoma alinisikia. Watu waliokuwa hatua ishirini kutoka niliposimama hawakunisikia.

Dereva akalalia honi. Ndani ya ghala linalonguruma honi ni sauti nyingine tu. Nikaitupa redio chini, nikajilaza, nikaingia mlangoni kwa tumbo nikiufuata mpira, bila mtungi wa hewa. Ilikuwa kinyume cha amri na ningerudia. Sikwenda mbali, mita nne labda, kisha kifua kikakataa. Nikaushika mpira kwa mikono miwili nikauvuta kwa nguvu zangu zote, mara tatu, nikapumzika, mara tatu tena, huku nikiita kwa Kikurya. Nilijiona mjinga. Halafu mpira ukatikisika mikononi mwangu, ukaanza kulegea, na nikajua wanarudi.

Walitoka wakitambaa. Wa kwanza alikuwa salama. Mwenzangu alikuwa amevuka nusu ya kizingiti paa la nyuma lilipoanguka, na upepo wa moto ukasukuma bati lililomkata begani na kumchoma sikio na shingo. Tulimvuta kwa miguu.

Mlinzi alikuwa amesimama kati ya watu barabarani, ameshika kikombe cha chai. Hakuwa amelala ndani. Alikuwa amekwenda kwa jirani. Sikumlaumu wala simlaumu leo. Watu huenda kunywa chai.

Kesho yake nilikwenda hospitali. Mwenzangu alikuwa amefungwa bandeji kichwani, ana hasira ya njaa kwa sababu uji ulikuwa hauna sukari.

"Kwa nini hukuita?" akaniuliza.

"Niliita."

"Redio yangu haikulia hata mara moja. Mimi nilijua kimya maana yake huko nje kuko salama. Ndiyo maana nikaendelea."

Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za wodi. Nililia kidogo. Kisha hasira ikaja, na hasira yangu ikija haiondoki haraka.

Fundi alirudi baada ya siku nne. Alikuja na karatasi ya kusaini kwamba mfumo umepokelewa na unafanya kazi bila kasoro. Kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa nasimamia mawasiliano ya kituo, saini ilikuwa yangu. Kamanda wetu, mtu mzima ninayemheshimu, aliisogeza mbele yangu na kalamu juu yake.

"Shikamoo afande," nikasema. "Siwezi kusaini hii."

"Marahaba. Saini, maelezo mengine tutaandika baadaye."

Fundi akaeleza kwa upole kwamba tatizo la Morotonga lilikuwa la mtumiaji. Nilisimama karibu mno na ukuta, na wenzangu walikuwa nyuma ya zege.

"Kaka," nikamwambia, "sisi ni zimamoto. Unataka tusimame wapi?"

Nikamwomba kamanda ruhusa ya kumpeleka fundi wa redio Morotonga, kwenye ghala la jirani lililojengwa na fundi uashi yuleyule aliyejenga lile lililoungua, kuta zilezile. Kamanda aliguna, akatoa ruhusa, na akaja mwenyewe.

Yule fundi aliingia na redio yake mpya hadi mwisho wa ghala. Mimi nikasimama mlangoni nikaita. Tii-tii-tii. Nikaita mara tisa, kamanda akihesabu kwa vidole. Baada ya dakika kumi fundi alitoka, ana vumbi la mahindi kwenye viatu.

"Mbona hukuniita?"

"Muulize afande."

Kamanda akamwonyesha vidole tisa.

Nilikuwa nimebeba redio mbili za zamani kutoka kwenye boksi la stoo. Nikampa moja, akarudi ndani. Nikaita mara moja. Ilikwaruza, ikapiga chafya, lakini alitoka.

"Umesikia nini?"

"Nimesikia 'toka'," akasema. "Mengine hayakusikika."

"Hilo moja lingetosha."

Kisha akasema jambo ambalo nampa heshima kwa kulisema mbele ya bosi wangu. Alisema redio mpya zinaweza kuongea moja kwa moja, redio kwa redio kama zile za zamani, bila kupitia mnara. Njia hiyo ipo. Haikuwekwa tu.

"Kwa nini?"

"Haikuombwa."

Walioandika mahitaji ya redio hizo walikuwa ofisini, wakitaka kusikika mbali. Hakuna aliyemuuliza mtu anayelala chini mlangoni akitaka kusikika karibu.

Tuliporudi kituoni niliandika kwa mkono wangu kwenye nafasi ndogo ya maoni, mpaka maneno yakaingia pembeni: haifai ndani ya majengo, sipokei. Kamanda aliisoma akavua miwani.

"Unajua utaandikiwa barua."

"Najua, afande."

Barua ilikuja. Niliambiwa nijieleze kwa nini nakwamisha kazi na kwa nini niliingia kwenye moto bila kifaa. Kuhusu la pili nilikiri kosa. Kuhusu la kwanza nilieleza ukurasa mmoja na sikuomba radhi hata mstari mmoja. Nilipewa onyo. Limo kwenye faili langu mpaka leo, na sina mpango wa kuomba liondolewe.

Wakati huohuo tulizitoa redio za zamani kwenye boksi, tukazichaji, tukazitumia kila mwito, kinyume cha amri, na kamanda akajifanya haoni. Miezi ilipita kabla fundi hajarudi na kompyuta yake kutuwekea ile njia ya moja kwa moja. Aliiweka kwa kituo chetu peke yake, kwa sababu ndicho kilicholalamika. Barabara ya Ikoma bado ina mabonde ambamo redio zile mpya ni mzigo wa kiunoni tu, na nimeandika kuhusu hilo mara tatu. Nitaandika ya nne.

Mwenzangu alirudi kazini. Sikio lake moja limekunjamana, na tunaendelea kugombana.

Hivi karibuni dada mmoja nisiyemfahamu alinipigia simu kutoka kituo cha mkoa mwingine. Alisema wameletewa redio kama zetu, na karatasi ya kusaini iko mezani.

"Nimesikia wewe ulikataa," akasema. "Uliandika maneno gani hasa?"

Nikamwambia atafute kalamu, nami nikaanza kumtajia taratibu.