Sabuni Iliyochafua Chupa

Siku ya kwanza kazini kwa labo, mahali pa kupima udongo, nilivunja chupa tatu, na nikaapa ni moja tu. Nilisoma mpaka darasa la ine la primaire, nikatoka kwenye kuchimba zahabu. Lakini kiisha mwezi mumoja, hakuna mutu Bunia aliyenishinda kutoa mafuta ndani ya udongo.

Musicheke, wadogo zangu. Vijidudu vya udongo vinavaa ngozi ya mafuta. Vikikufa, mafuta hiyo inaharibika mbio. Kwa hiyo ile unayopata inakuambia vijidudu gani viko vizima. Unachanganya udongo na dawa mbili za maji, chloroforme na méthanol, unatikisa, unaongeza maji, unaacha itulie. Maji inapanda, chloroforme inabaki chini na mafuta yake. Unaivuta na pipette, kamurija ka kioo; plastike hapana, chloroforme inaikula. Kando tulikuwa na chupa moja bila udongo, tuliiita blanc, ni kusema nyeupe. Hiyo lazima itoke bila kitu.

Basi udongo wa mashamba ya Bogoro ukafika, na blanc ikatoka na mafuta. Mara mbili. Chef de labo, mukubwa wetu, mwanamke mufupi wa sauti kali, akaniita.

— Papa Ngabu, weye njo unashikaka chupa. Unakulaka beignets za mafuta humu?

— Miye, Madame? Nani anasafishaka chupa sawa miye? Ninasugua mara tatu!

— Ikitoka tena vile, utarudia kwa shimo yako ya zahabu.

Wiki ile sikukaa kwenye kiti. Nilisugua, nikazunguka, nikasugua tena, sabuni mingi zaidi. Blanc ikazidi kuwa mubaya.

Siku ya posho, ni kusema Jumamosi, nyumbani kwangu Rwambuzi, nikamukuta bibi yangu, mama wa watoto wangu, anakoroga sufuria ya mafuta ya mawese na soda kali.

— Unapika nini?

— Sabuni yako ya labo, ile ulianza kubeba mwezi huu! Si weye unajisifu hakuna ingine kama hii?

Nikaokota kipande kikavu. Sabuni yenyewe ilikuwa mafuta.

Ningeweza kusingizia chloroforme. Siku ya kwanza ya juma, Jumatatu, nikaweka kipande cha sabuni kwenye meza ya chef.

— Ni yangu, Madame. Bibi anaipikaka na mawese.

Akaiangalia, akapiga cheko.

— Papa! Ulikuwa unaosha mafuta na mafuta!

— Lakini nani amevumbua? Si miye?

— Toka hapa! Enda uchome chupa.

Tukazichoma zote ndani ya four, tanuru ya moto mukali, mpaka mafuta ikaungua, tukarudilia kazi. Blanc ikatoka blanc, na nikabakia kazini.

Leo nimeacha kazi, kifua ilichoka na harufu ya chloroforme. Kutulia sijui. Ninafika barabarani, ninarudi, ninatoka tena. Yeyote akisimama, ninamuhadisia ukubwa wangu wote. Ile ya sabuni tu, hiyo siongezake chumvi.