Delphi na Kaburi la Noi

Katika milima ile ya mashariki ya Kentucky hakuna aliyeyaheshimu mawe kama Delphia Gayheart. Mawe ya makaburini, si mengine. Miaka thelathini aliwapikia wanafunzi wa shule ya bondeni, na Jumamosi zake zote alizitoa kwa Chama cha Nasaba, watu kama ishirini hivi, wengi wao wastaafu, waliokutana katika chumba cha chini cha maktaba kula maharage na mkate wa mahindi na kubishana nani alizaliwa na nani. Chama kilitoa jarida mara nne kwa mwaka, karatasi zilizobanwa pini zenye jalada la manjano. Kilikuwa pia kimechapisha vitabu vitano vya makaburi, vinavyotaja kila jiwe la kila mlima, bonde kwa bonde.

Kusoma makaburi ni kazi ya watu wawili. Mmoja hupiga magoti na kutamka herufi kwa sauti, mwingine huandika. Delphia ndiye aliyekuwa akiandika, na sheria yake ilijulikana na wote: andika jiwe linachosema, usiandike unachodhani. Mwanachama mmoja aliwahi kukisia mwaka uliofutika, na Delphia akamrudisha mlimani siku ileile, mvua ikinyesha, akautazame upya.

Watu wa huko, lazima isemwe, hawapendi jina la mwanamke liishie na a. Martha kwao ni Marthi, Ella ni Elli, na Delphia mwenyewe, tangu alipobatizwa mtoni, hakuitwa na mtu jina jingine ila Delphi.

Mama yake, Hassie, Mungu ampumzishe, alikuwa na miaka tisini na macho yake yalikuwa yamekwisha. Kila Jumapili ya mwisho ya Mei familia hupanda makaburini kufyeka majani, kuweka maua na kuimba, halafu hula pamoja palepale, mashuka yametandikwa chini. Hassie alikwisha kuwapamba watu wengi: mumewe, baba yake, mama yake wa kambo, hata jirani mmoja aliyekuwa akimwibia kuku. Mama yake mzazi ndiye ambaye hakuwahi kumwekea hata ua moja, kwa kuwa hakujua amelala wapi. Mama huyo alifariki Hassie akiwa na miaka miwili. Baba akahamia kwenye kambi ya makaa ya mawe, akaoa tena, na mke mpya hakutaka jina la yule wa kwanza litajwe chini ya paa lake. Hassie akakua akijua mambo mawili tu. Mama yake aliitwa Noi. Na kulikuwa na mama mdogo aitwaye Tirzi, huko Ohio, aliyeleta gauni la bluu Krismasi moja, kisha akanyamaza moja kwa moja.

Siku chache baada ya Pasaka mwaka ule, Hassie alimwita binti yake akae naye mezani.

"Delphi," alisema, "nimewapamba watu wote, hata wasiostahili. Mwaka huu nataka nimpelekee mama yangu maua yake. Mwakani sijui kama nitakuwa ninapeleka au ninapelekewa."

Delphi alikuwa amemtafuta bibi yake huyo miaka minane. Kila mtu aliyeulizwa alisema Noi ni kifupi cha Naomi, na Delphi akakubali, maana lilikuwa jambo la akili. Daftari la ndoa la miaka ile lilikwenda na mafuriko. Kwenye makaburi ya ukoo wa babu yake, akina Stidham, Naomi hakuwepo. Basi kila toleo la jarida, kwenye ukurasa wa Maulizo, lilitoka tangazo lake: anatafutwa Naomi, mke wa Green Stidham, aliyefariki yapata 1931. Majibu yalikuja, tena mengi. Mzee mmoja wa Texas alileta kurasa kumi na nne za Naomi wake, aliyezaa watoto kumi na watatu na kufa ana miaka tisini na saba. Delphi alimshukuru kwa adabu na kumweleza kwamba huyo wake alikufa kijana. Mzee akaandika tena akiuliza kama ana uhakika.

Zilikuwa zimebaki wiki tano kufika Jumapili ile ya Mei toleo jipya lilipofika. Delphi alikuwa na desturi ya kumsomea mama yake jarida lote, jalada hadi jalada, naye Hassie husikiliza huku mikono ina kazi. Asubuhi hiyo alikuwa anachambua mbegu za maharage za kupanda, akizitambua nzima na mbovu kwa ncha za vidole.

Katikati ya jarida kulikuwa na ukurasa ulionakiliwa kutoka kitabu cha Maandiko cha familia moja, ile karatasi ya mbele ambamo wazee waliandika kuzaliwa na kufa. Aliyeuleta alikuwa mwanamke wa Ohio, kitukuu wa mmoja wa waliotajwa. Juu yake ameandika kwamba hawa ni watoto wa Elihu Barger, mabinti wanne na mwana mmoja. Delphi akasoma kwa sauti yake ya kusomea orodha, isiyopanda wala kushuka: Mahlah, 1901. Noah, 1904. Hoglah, 1906. Milcah, 1909. Tirzah, 1912, aliolewa akaenda Ohio.

Alipofika hapo akaacha kusoma. Tirzah. Tirzi. Alimgeukia mama yake amwambie kwamba mama mdogo wa gauni la bluu amepatikana, akakuta vidole vya mama vimesimama juu ya mbegu.

"Rudia," Hassie alisema. "Polepole."

Delphi akarudia.

"Huyo wa pili, nani kasema ni mwanamume?"

"Mama, si ni Noah? Yule wa safina."

"Wewe mtoto, miaka sitini unakwenda kanisani kufanya nini? Hao ni binti za Selofehadi. Wote watano wanawake. Baba yao hakuacha mwana wa kiume, wakamwendea Musa kudai urithi wao, na Bwana akasema wapewe. Huyu mzee Barger naye hakujaliwa mwana wa kiume, basi akawaita binti zake kwa mfuatano, kama walivyoandikwa." Akapapasa meza mpaka akaupata mkono wa binti yake. "Noah. Noi. Delphi, hakuna Naomi hapa."

Katika Maandiko ya Kiingereza, yule mzee wa safina na yule binti wa pili wa Selofehadi huandikwa kwa herufi zilezile nne, bila tofauti hata ya nukta. Delphi alikwenda kukichukua kitabu kutoka chumbani, na mama yake akamwambia kwa sauti ya kuumia kidogo kwamba achungulie tu kama hamwamini. Alichungulia. Wote watano walikuwepo, kwa mfuatano uleule.

Chini ya orodha ya waliozaliwa kulikuwa na orodha ya waliofariki, na Delphi aliisoma akiwa amesimama. Noah, Machi 1931, pamoja na kichanga chake. Amezikwa nyumbani.

Nyumbani. Kumbe hakuzikwa kwa akina Stidham. Alikwenda kujifungulia kwa baba yake, akafia huko, wakamlaza na watu wake, makaburi ya akina Barger, juu ya kijito cha Lick. Delphi aliyajua makaburi hayo. Alikuwa ameyaandika yeye mwenyewe, miaka ishirini na mitano iliyopita.

Alichukua kitabu cha tatu cha makaburi kwenye rafu na kufungua ukurasa wa themanini na nane. Alikuwepo, mstari wa nne: Noah, 1904–1931. Mwanamume. Jiwe la mtoni, limechongwa kwa mkono.

Akakaa chini. Herufi zile nne zilikuwa za jiwe. Neno "mwanamume" lilikuwa lake yeye. Alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwa bibi yake, penseli mkononi, akamgeuza mwanamume na kwenda zake kwenye kaburi la tano.

Alipomwambia mama yake, alimwambia kama mtu anayetubu mbele ya kanisa. Mabega ya Hassie yakaanza kutikisika, na Delphi alipodhani analia, kumbe anacheka, mpaka akashika mbavu.

"Kwa hiyo ulimwona," alisema alipopata pumzi.

"Nilimwona, Mama."

"Basi. Mtu wetu mmoja alikwisha mtembelea."

Aliyemsomea Delphi jiwe lile siku ile alikuwa Orbin Deaton, mpima ardhi mstaafu na mhariri wa jarida, mtu wa kanisa moja na Delphi. Delphi alimpigia simu kabla ya chakula cha mchana. Ndugu Orbin alisikiliza hadithi yote bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Dada Delphi," alisema mwishowe, "mimi nilisoma herufi nne tu. Hiyo suruali ulimvalisha wewe."

Hata hivyo alikuwa muungwana. Alipendekeza toleo lijalo liseme ni kosa la uchapaji, yaishe. Delphi alikataa katakata. Masahihisho yalikuja kutoka miezi mitatu baadaye kama alivyotaka, ukurasa wa kwanza, kwa maneno yake mwenyewe: Kitabu cha tatu, ukurasa wa 88. Noah si mwanamume. Ni binti Elihu Barger, mke wa Green Stidham, na mama yake Hassie. Aliyekosea ni D. Gayheart, aliyeandika alichodhani. Wanachama waliusoma mstari huo wa mwisho mara nyingi kuliko walivyowahi kusoma kitu chochote katika jarida lile, na yule aliyerudishwa mlimani mvuani alikata ukurasa na kuubandika kwenye jokofu lake.

Lakini kabla ya toleo hilo lilikuwapo jambo la kumfikisha mzee juu. Njia ya Lick ilikuwa imemezwa na miiba, na mdogo wake Delphi, Arlis, alisema waziwazi kwamba moyo wa mama hautahimili, afadhali wapande wao wampigie picha. Hassie alimuuliza picha hiyo ataitazama kwa macho ya nani. Akaongeza kwamba akifia njiani watakuwa wamempunguzia safari, maana atakuwa ameshafika makaburini. Jumamosi tatu mfululizo Ndugu Orbin na wanachama sita, mdogo kati yao akiwa na miaka sitini na tano, walifyeka njia kwa mapanga na misumeno. Jumapili ya mwisho ya Mei, Hassie alipandishwa kwa gari dogo la shambani la jirani, amefungwa mkanda, kofia ya kanisani kichwani, akimwambia Arlis aache kuendesha kama anabeba mayai.

Jiwe lilikuwa dogo, limeinama kidogo. Delphi alimsaidia mama yake kukaa kwenye kiti walichokuja nacho, akamwelekeza mkono. Hassie aliipapasa N, ambayo mchongaji alikuwa ameigeuza kinyume, halafu O, halafu A, halafu H. Alikwenda taratibu, kama alivyozifanya mbegu. Akaipapasa na miaka.

"Ishirini na saba," alisema. "Mtoto kabisa huyu. Ana wajukuu zake wakubwa kuliko yeye."

Ndugu Orbin aliomba dua fupi. Waliimba wimbo mmoja wa kale, yeye akitangulia kila mstari nao wakifuata. Hassie akaweka maua, waridi za uani kwake, akayasogeza na kuyasogeza tena mpaka yakamridhisha. Kisha akawaambia wote waondoke isipokuwa Delphi, kwa kuwa alikuwa hajajitambulisha.

Akaanza mwanzo. Alimweleza mama yake kwamba yeye ni Hassie, yule aliyeachwa na miaka miwili, na kwamba alilelewa vizuri, nguo na chakula havikukosekana. Akamtajia mume aliyempata na tabia zake, njema na nyingine. Akawataja watoto, mmoja mmoja, nani alizaliwa wapi, nani alichelewa kutembea, nani amekwisha tangulia mbele za haki na pengine wamekutana. Alipofika kwa Delphi alimsukuma mbele kidogo na kusema huyu ndiye aliyekuandika.

Kutoka chini ya mti wa hikori, mashuka yalipotandikwa, Arlis aliita kwamba kuku anapoa na watu wana njaa.

"Waambie wasubiri," Hassie alimwambia Delphi bila kugeuka. "Wajukuu bado sijawafikia."