Hodi ya Bibi Mbuke

Siku ile kijijini kwetu Didia, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananiuliza kulikoni. Nilikuwa binti wa chuo, nimerudi likizo na kompyuta yangu, najiona fundi. Bibi yangu Mbuke aliongoza kikundi cha ngoma, na walikuwa wamepigwa video Kahama. Dada yake, Bibi Kabula, alikuja kutoka Geita kuiona, na kesho yake alfajiri alikuwa anapanda basi. Umri ule, nani ajuaye wangeonana tena lini? Bibi aliitaka video siku hiyo hiyo, waitazame wakiwa wamekaa pamoja.

Mpiga video alikuwa ameweka mtandaoni nakala isiyo na sauti, akasema iliyokamilika ataiweka mahali pale pale jioni. Basi nikaandika programu kwa lugha ya Python, iende kila baada ya dakika chache kuangalia kama imebadilishwa. Lo! Kumbe haiangalii tu, inaibeba video nzima, ile ile bubu, tena na tena. Nilipokuja kushtuka, bando limeliwa zaidi ya nusu, na dukani vocha hakuna.

Nikamweleza bibi. Akaguna.

"Ng'wanawane, mwanangu wee, ni mimi kweli niliyekulea? Kwa watu unapiga hodi, unasikia kama wapo. Huingii mpaka jikoni kufunua chungu kila unapopita!"

Bibi Kabula alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Mimi aibu ikanishika, maana hodi hiyo nilifundishwa darasani, haraka tu ilinisahaulisha. Penye get, amri ya kubeba faili zima, nikaandika head, ya kuuliza habari zake tu. Tangu hapo programu ikawa inaishia mlangoni: inauliza, inapewa maelezo ya juu tu, kwamba faili lipo, ukubwa wake huu, limebadilishwa saa fulani, halafu inarudi. Video yenyewe haiguswi, na bando lililobaki likabaki.

Jua likiwa linazama, saa ya mabadiliko ikaja mpya, na ukubwa umeongezeka. "Wameitika!" nikapiga kelele. Nikaipakua mara moja tu, ikaingia yote. Weee! Ngoma ilipolia, vikongwe wale waliinuka wakacheza, wao huku na wenzao kule ndani ya kompyuta.

"Kabula," bibi akasema akihema, "kumbe bado tumo!"

Hawakuonana tena, mwanangu. Lakini jioni ile waliipata, na mimi mpaka leo nafurahi.

Kwa hiyo usiwe na pupa, iwe kwenye programu zako au kwa watu. Uliza kwanza lile linalokutosha kujua, na kilicho kidogo kitunzie saa yake. Mungu akutangulie, na kila mlango utakaoupigia hodi, uitikiwe karibu.